Gamba la Kombe na Moyo wa Mtu

Katika sakristia ya kanisa letu, hapa Birere mjini Goma, kuna gamba moja jeupe la kombe. Kila Mkristu wa parokia amekwisha kuliona, ingawa wengi hawajui ni kitu gani. Padri hulitumia kuchota maji ya ubatizo na kuyamimina juu ya kichwa cha mtoto. Halikutoka katika ziwa letu la Kivu. Lilitoka baharini, mbali sana. Mnyama aliyelijenga alikufa zamani, nyama yake laini ikatoweka, likabaki gamba tu.

Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya dini, kijana mmoja wa shule ya sekondari alitujia na daftari lake la elimu ya viumbe. Akalitazama gamba lile, akasema: «Mwalimu, huyu ninamjua. Ni wa kundi la bivalvia.» Kisha akanyamaza kidogo, akauliza: «Shuleni twafundishwa kupanga viumbe katika makundi, na anayekosea hukatwa alama. Hapa kanisani twafundishwa kwamba kuwapanga watu katika makundi ni vibaya. Je, akili ni moja au ni mbili?»

Wasomaji wapenzi, swali hili si la kitoto. Katika mji wetu watu wamepangwa katika makundi, wakahesabiwa, wakafukuzwa, na wengine wakauawa, kwa sababu ya jina, umbo la pua, au namna ya kutamka neno moja. Kwa hiyo hatukumjibu upesi. Tulimwomba atuachie daftari lake siku chache, nasi tukasoma.

Kwanza yafaa tujue daftari lile lilisema nini. Liliwataja wanyama wenye mwili laini usio na mifupa, ambao wataalamu huwaita moluska, yaani «walaini» kwa asili ya Kilatini. Konokono anayetambaa juu ya mawe meusi ya volkano na katika mashamba yetu ni mmoja wao. Ndugu zake wa majini ni wengi, na kijana yule alikuwa ameandika makundi yao matatu.

Kundi la kwanza ni bivalvia, ndio kombe, chaza na kome. Aina zao zilizo hai ni zaidi ya 8,000. Kila mmoja ana magamba mawili yaliyounganishwa kwa bawaba upande mmoja, kama kitabu chenye kurasa mbili. Misuli yenye nguvu huyafunga. Ikilegea, kano ya bawaba huyafungua. Mnyama huyu hana kichwa. Hana hata ule ulimi wenye meno madogo kama tupa, alio nao konokono. Hupitisha maji kati ya magamba yake, na kwa matamvua yaleyale anayopumulia huchuja chakula chake. Kombe wa jamii ya gamba letu la ubatizo ana macho madogo mengi yaliyopangwa ukingoni mwa mwili, mengine hufika 200.

Kundi la pili ni skafopoda. Hawa wanajulikana na watu wachache, kwa maana hukaa wamejifukia katika mchanga wa bahari. Gamba lao ni kama pembe ndogo ya ndovu, lenye tundu huku na huku. Upande mpana huelekea chini mchangani, na ule mwembamba hutokeza juu kupokea maji. Hawana macho wala matamvua. Hutafuta chakula gizani kwa nyuzi laini zinazotoka karibu na kinywa, wakipapasa punje moja moja. Aina zao ni zaidi ya 500.

Kundi la tatu ni sefalopoda: pweza, ngisi na dome. Aina zao ni karibu 800. Pweza ana mikono minane, mioyo mitatu, na damu ya rangi ya buluu kwa sababu ya shaba iliyomo. Ana mdomo mgumu kama wa kasuku. Macho yake yaona vizuri, ngozi yake hubadili rangi kufuata jiwe alilokalia, na akitishwa humwaga wino. Gamba la nje hana. Dome amebaki nalo kama ubao mweupe ndani ya mwili, ngisi amebaki na kijiti chembamba, na pweza karibu hana kitu.

Basi mtu akiwekewa mezani chaza aliyefungwa kama jiwe, ile pembe ndogo, na pweza anayenyoosha mikono, je, atasema kwamba ni ndugu? Hawezi. Hata wenye elimu kubwa hawakusema hivyo. Aristotle, karne nne kabla ya Kristu, aliwachunguza wanyama wa bahari kwa bidii nyingi. Hata hivyo aliwaweka pweza na ngisi katika kundi la walaini, na chaza na konokono katika kundi jingine la wenye magamba. Mwaka 1758 Linnaeus, bwana wa Sweden aliyewapa viumbe majina yao ya Kilatini, naye aliwatenga kwa gamba: wenye magamba huku, wasio nayo kule. Na wale wenye pembe, wengine waliwahesabu pamoja na minyoo wanaokaa ndani ya mirija.

Ndipo mwaka 1795 Mfaransa Cuvier akawapanga upya. Hakutazama gamba tu. Aliwapasua akatazama ndani. Akaona kwamba moyo, matamvua, mishipa na ile ngozi laini inayofunika mwili kama joho, vyote vyapatana. Wachunguzi waliomfuata wakaendelea. Wakaona kwamba ule mguu ambao konokono hutambaa nao, kombe huchimbia nao mchanga, na pweza ameugeuza kuwa mikono kuzunguka kichwa. Ni mguu ule ule. Watu walitazama gamba zaidi ya miaka elfu mbili wakawatenga ndugu. Walipotazama ndani, wakawarudisha nyumbani kwao.

Lakini Cuvier naye alikosea, na kosa lake latufaa kama elimu yake. Kuna viumbe wadogo wenye magamba meupe wanaogandamana na mawe ya pwani na mbao za majahazi. Aliwaweka kati ya moluska, maana walifanana nao kwa gamba. Mwaka 1830 mchunguzi Thompson alieleza jinsi alivyowaona wachanga wao wakikua, akatambua kwamba ni jamaa za kaa na kamba. Na kinyume chake, yule anayetoboa mbao za majahazi, ambaye mabaharia wa pwani humkinga kwa kupaka deheni ya shahamu na chokaa, ni mrefu kama mnyoo, watu wakamwita mnyoo; kumbe ni bivalvia, ndugu wa chaza!

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya bahari za mbali tu. Mwaka 1858 msafiri Speke aliokota magamba katika ziwa Tanganyika, akayapeleka Ulaya, na wataalamu wakashangaa kwa kuwa baadhi yalikuwa mazito kama ya baharini. Baadaye Mfaransa Bourguignat aliyachunguza magamba ya ziwa lile, akayagawa katika aina nyingi mno. Kila alipoona tofauti ndogo ya rangi au ya mstari, alitoa jina jipya. Mwaka 1888 jamii moja ya konokono aliiita Lavigeria, kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe waliotuletea Injili pande hizi. Waliokuja nyuma yake waliona kwamba nyingi za aina zake zilikuwa kiumbe kile kile kilichozidi au kupungua kidogo, wakazifuta.

Naye Mwingereza Moore alisafiri mara mbili mpaka Tanganyika, kati ya mwaka 1895 na 1900, akashika wazo kwamba ziwa lile lilikuwa mkono wa bahari ya kale, kwa kuwa magamba yake yafanana na yale ya baharini yaliyogeuka mawe. Wazo lile limekwisha kukataliwa. Wazee wa konokono wale walikuwa wa maji baridi. Kwa nini basi magamba yao ni mazito? Wataalamu waliochunguza karibu na mwisho wa karne ya 20 wameeleza kwamba ziwani mna kaa wenye makoleo makubwa ya kuvunja magamba. Vizazi na vizazi, konokono mwenye gamba jembamba aliliwa, mwenye gamba nene alisalimika. Gamba lile zito halikueleza asili yake. Lilieleza adui zake.

Na hapa Mungu ametufanyia jambo la kutuchekesha. Sambaza wetu, wanaouzwa kila siku katika soko la Birere, waliletwa kutoka Tanganyika na kutiwa katika ziwa Kivu mwaka 1959. Ukiwatazama, ni samaki wadogo wa ziwa, hawana ajabu. Kumbe hao ndio wa ukoo wa sardini za bahari, na wazee wao walitoka baharini! Aliyefanana na mgeni ni mwenyeji, na aliyefanana na mwenyeji ana asili ya mbali.

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Tukajibu nini?

Jibu la kwanza: kupanga si dhambi. Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba Mungu aliwaleta wanyama mbele ya Adamu ili awape majina. Kazi ile ilikuwa ya akili, nayo ilikuwa njema, kabla dhambi haijaingia ulimwenguni. Mama anayechambua maharage sokoni, mganga anayepambanua malaria na homa nyingine, hakimu anayetenga wizi na deni, wote wanaifanya kazi ya Adamu. Asiyejua kupambanua hajui kitu.

Jibu la pili: kupanga kuna haki yake na dhuluma yake. Mwenye haki hutazama kiumbe kizima, nje na ndani, na akionyeshwa kosa hulifuta. Mwenye dhuluma hutazama gamba, akifika hapo husema: «Nimekwisha kujua.» Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba hakuna mwenye hekima aliyeweza kuchunguza na kumaliza hali ya nzi mmoja. Ikiwa nzi hamalizwi, je, jirani yako atamalizwa kwa kutazamwa pua?

Jibu la tatu ndilo kubwa. Hata tukiwapanga wanyama kwa haki kamili, mtu hapangwi kwa namna ile, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni umoja wa asili. Kombe na pweza ni ndugu wa mbali, lakini kila mmoja ana hali yake. Kombe hawezi kuwa pweza. Watu si hivyo. Roho ya Mnande, ya Mhunde, ya Mhutu, ya Mtutsi, ya Mshi na ya Mzungu si aina mbalimbali za roho. Kila moja imeumbwa na Mungu kwa mfano wake, na kila moja yahitaji Mkombozi yule yule. Hata dhambi ya asili yatufundisha hilo, kwa kuwa sote tuliirithi kutoka kwa baba mmoja. Lakini dhambi aitendayo mtu kwa nafsi yake hairithiwi kama gamba. Nabii Ezekieli alifundisha wazi kwamba mwana hatachukua uovu wa baba yake.

Sababu ya pili ni hiari. Ukijua kwamba mnyama ni pweza, umejua kwa sehemu kubwa atakalofanya: atajificha, atabadili rangi, atamwaga wino. Hali yake yamwongoza. Lakini ukijua kabila la mtu, hujajua bado kama atakupa maji au atakunyima. Jambo hilo hukatwa moyoni mwake, na kule haingii ila Mungu na mtu mwenyewe. Kwa hiyo anayesema «watu wa kabila lile ndivyo walivyo» anamnyima mwenzake kitu ambacho Mungu mwenyewe hakumnyima, yaani uwezo wa kuchagua mema.

Kijana akasikiliza, akasema: «Mwalimu, hayo ni mazuri. Lakini mjomba wangu aliuawa njiani, na waliomwua walikuwa wa lugha moja. Nikiwasikia watu wa lugha ile, mwili watetemeka. Je, natenda dhambi?»

Tukamwambia kwamba kutetemeka si dhambi. Konokono wa Tanganyika hakuchagua kaa, na gamba lake nene si kosa lake. Watu wengi wa Birere wana magamba mazito ya namna hiyo, na asiyejua waliyoyapata asiwacheke. Wala Kanisa halisemi kwamba mwenye kuua asishtakiwe. Ashtakiwe, kwa jina lake na kwa tendo lake, mbele ya hakimu. Ndiyo haki, kwa kuwa haki humtafuta mtenda, haitafuti lugha yake. Lakini tumtazame tena kombe. Hatari ikija hujifunga, na afanya vema. Ila mlango ule ule anaoufunga ndio anaopumulia na kulia chakula. Akikataa kuufungua tena, hufa ndani ya ngome yake mwenyewe, wala adui hahitaji kumvunja.

Tena tusije tukaanguka upande wa pili, tukisema kwamba kabila si kitu. Kombe hulijenga gamba lake polepole, kwa chokaa ya maji aliyozaliwa ndani yake. Lugha ya mama, desturi za ukoo, majina ya wazee, hivyo ni vyema, na amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Hakuna anayetudai kuvitupa. Tunadaiwa tusivigeuze kuwa mizani ya kumpimia mwenzetu.

Hapa yatupasa kuungama jambo letu wenyewe. Mwaka mmoja mama mgeni alimleta mwanawe aandikishwe kwa ubatizo. Matamshi ya mama yule hayakuwa ya kwetu. Wazazi wengine tuliwaandika kwa maneno yao tu. Yeye tulimtaka cheti, kisha cheti kingine, kisha shahidi. Tulijiambia kwamba tunafuata utaratibu. Mara ya tatu alipofika, ametembea kwa miguu na mtoto mgongoni, alituuliza kwa upole: «Mwalimu, na hawa wengine mliwataka nini?» Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumetazama gamba. Tulimwomba radhi, tukamwandika mtoto, na siku ya Pasaka Padri alichota maji kwa gamba lile jeupe, akammiminia kama alivyowamiminia wenzake. Maji hayakumwuliza cheti.

Nayo lava ya Nyiragongo haikuuliza, ilipoteremka tarehe 17 Januari 2002, ikapita katikati ya mji na kuteketeza nyumba za Birere. Siku ile watu walikimbia pamoja, na waliobeba watoto walibeba hata wasio wao. Tulijua basi kwamba sisi ni jamii moja. Kwa nini twangoja moto ili tujue?

Kardinali Lavigerie, ambaye jina lake limebaki juu ya konokono wa Tanganyika, alizunguka Ulaya mwaka ule ule wa 1888 akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Biashara ile nayo ilikuwa namna ya kupanga: huyu wa kuuzwa, huyu wa kuuza. Alisimama akasema kwamba mpango huo ni uongo mbele ya Mungu. Kazi yake haijaisha. Imetuangukia sisi, katika mistari ya sokoni, penye Petite Barrière, katika orodha tunazoandika, na katika maneno tunayowaambia watoto jioni kuhusu jirani.

Basi ndugu Wakristu, kabla hatujalala tujiulize: Leo nimemwita nani kwa jina la kundi, nami nalijua jina lake? Nani nimemtaka cheti ambacho sikuwataka wengine? Ni nani aliyenitendea mema, nami nikasema «huyu si kama wenzake», ili nisibadili mawazo yangu juu ya wenzake?

Kijana alirudi kuchukua daftari lake. Alituambia kwamba akili ni moja: ile ile inayompeleka mtu kumpasua kombe ili amjue vizuri, yamkataza kusema kwamba amemjua jirani yake kwa kumtazama nje. Tuliona amejibu kuliko sisi. Mungu, aonaye ndani ya kila gamba, atujalie kutazamana kwa subira, na kufunguliana milango tungali hai. Amina.